Je, wajua kwa nini Waingereza wanalinda vibanda vya zege vya vita?

Sisi watu wa Mwanza tumezoea mtu kujenga mtaa wa Mabatini na ukuta mmoja ukawa mwamba wenyewe, ila Uingereza unakuta katikati ya shamba la ngano kibanda cha zege cha pembe sita, madirisha hakina, kina vitundu vyembamba tu vya kupitishia mtutu wa bunduki. Na kama kimesajiliwa kuwa urithi, ukikipitishia katapila bila kibali unapelekwa mahakamani.

Iko hivi. Juni 1940, Vita vya Pili vya Dunia, Ufaransa imeanguka, jeshi la Uingereza limetoka kukimbia Dunkirk, pwani ya Ufaransa, na kuacha magari na mizinga kibao kule, Hitler anategemewa kuvuka muda wowote, basi wakaanza kumwaga zege kama wamechanganyikiwa. Inakadiriwa vibanda na ngome ndogo za aina hiyo zilifika 28,000. Ukuta wa kuzuia risasi ulikuwa kama sentimita 30, wa kuzuia mzinga karibu mita nzima. Mbao za kushikilia zege zikiwa shida, mafundi walipandisha matofali nje kisha wakamwaga zege katikati, ndo maana vingine ukiviona unadhani choo cha shule.

Mjerumani hakuja! Vita ikaisha, wakulima wakabaki navyo, na kubomoa zege la hivyo ni hela, kwa hiyo vingi vimepona kwa sababu hiyo tu wala si mapenzi ya historia. Kuanzia 1995 hadi 2001 ndo watu wa kujitolea wakazunguka nchi nzima kuorodhesha mabaki ya ulinzi, wakafika karibu 20,000. Sio vyote vinalindwa lakini. Kinachopewa uzito ni vile vilivyobaki kwa mstari, vinafuata mto, pembeni na handaki la kuzuia vifaru, hapo unasoma kabisa jenerali alitaka kumkwamisha adui wapi. Vingine wamevigeuza makazi ya popo, na popo nao kule wana sheria yao ya kuwalinda.

Sasa huku kwetu Ziwa Victoria vita ilipiganwa kweli, ila ile ya Kwanza ya Dunia. Juni 1915 Waingereza walipanda meli Kisumu wakaenda kuvunja kituo cha redio cha Mjerumani Bukoba, Julai 1916 wakaichukua Mwanza. Ila Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo la kabla ya 1863, na Mjerumani alifika Mwanza miaka ya 1890, kwa hiyo alichojenga yeye hakilindwi mpaka waziri akitangaze.