Sanduku la vifaa vya ngoma: mnayoniambia na ninayoyakuta ndani

Juzi kaja mwingine tena, kiongozi wa kikundi cha ngoma, mtu mzima na heshima zake. Tumesalimiana vizuri, kakaa kwenye benchi, halafu akatoa lile lile: "Fundi, nataka sanduku lisilopitisha hewa kabisa. Hata sindano isipenye."

Nikamwambia, mzee wangu, masanduku ya hivyo natengeneza, ila wanaoagiza ni wafiwa, na anayelazwa mle hana haja ya kupumua. Hakucheka. Akasema ataongeza pesa ya mpira wa kuzungushia mfuniko.

Nimefanya useremala hapa Chikongola, Mtwara, miaka mingi na hakuna dhana inayonichosha kama hii. Watu wanaamini adui wa ngoma zao ni hewa ya bahari, basi dawa ni kuizuia isiingie. Hawajiulizi kilichomo ndani tayari. Ngoma mmeipiga usiku kucha. Ngozi imevuta umande, kaniki na fulana zimelowa jasho, njuga zimetoka miguuni mwa wachezaji zikiwa na chumvi ya jasho hilo hilo. Alfajiri mmechoka, mnarundika kila kitu, mnafunga, mnakwenda kulala. Sanduku halifunguliwi tena mpaka sherehe ijayo, na ikiwa mvua za Desemba zimeanza, pengine mpaka Aprili ipite.

Sasa fuatilia maji hayo. Mchana chumba chenye paa la bati kinachemka, unyevu unatoka kwenye nguo na ngozi unakuwa mvuke. Usiku kunapoa, mvuke unarudi kuwa maji na kukaa pale penye ubaridi: chini ya mfuniko, kwenye bawaba, kwenye njuga. Kesho yake joto, mvuke, maji tena. Hayana mlango wa kutokea kwa sababu mlango mmeuziba kwa mpira na pesa yenu. Ukungu wa kuvu unachotaka ni unyevu uliotulia tu, na hapo umeandaliwa kitanda.

Kuna kikundi kililetea karakana yangu sanduku la namna hiyo, kazi ya fundi mwingine, nzuri kwa macho. Nilipofunua, harufu ilinirudisha nyuma. Msondo, ile ngoma ndefu, ulikuwa na mabaka ya kijani, ngozi imelegea mpaka imeanza kuchomoka kwenye vigingi, njuga zimeshikana kwa kutu kama zimechomelewa. Unajua waliomba nini? Niongeze mpira wa pili, maana "hewa bado inapenya".

Wapo wanaonijibu kwa hoja, na hoja yao si ya kitoto: hewa ya pwani yenyewe ina unyevu, ukitoboa sanduku si unaualika? Kweli, alfajiri hapa Mtwara unyevu wa hewa mara nyingi unapita asilimia 80, na ukungu unajisikia nyumbani ukipita 70 hivi. Lakini hewa haikai vile siku nzima. Jua likipanda unashuka, upepo wa kusi ukivuma unashuka zaidi, na hewa inayopita huondoka na maji ya ndani. Iliyofungiwa haiondoki na chochote. Kwa hiyo matundu peke yake hayatoshi. Siku kavu funua mfuniko saa tano asubuhi, ufunge saa kumi jioni kabla ubaridi haujashuka. Msimu wa mvua usikose kufanya hivyo kila unapopata siku ya jua.

Matundu nayo yana mahali pake. Moja liwe chini upande wa mbele, jingine juu upande wa nyuma, ili hewa ipande na kutoka. Ukiyaweka yote usawa mmoja umepamba tu. Ziba kwa wavu wa waya. Wavu wa plastiki panya anautafuna usiku mmoja, na panya akishaionja ngozi ya mbuzi hatoki mtaa huo. Ndani weka chaga ili vitu visikae juu ya ubao wa chini. Miguu iwe na sentimita 10, na sanduku lisiegemee ukuta. Kabla ya yote hayo, anika vifaa kivulini penye upepo siku mbili. Kivulini, narudia. Jua la saa saba huikaza ngozi iliyolowa mpaka ipasuke. Najua mnaamsha ngozi kwa moto kabla ya kupiga, lakini pale mtu anaishika ngoma na kuigeuza. Hamuiachi motoni mkaenda sokoni.

Basi, mengine nayapitia haraka.

"Tranka la bati ndiyo kiboko." Kwa panya na mchwa, ndiyo, na aliye na panya wengi nyumbani namwambia anunue tranka bila aibu, mradi alitoboe. Lakini bati na chumvi ya bahari ni maadui, na rangi ikichubuka kona moja, hesabu miaka. Tena lina joto. Wenye mapiko, zile sura za kuchonga za kuvaa ngomani, wasikilize: sura zile zina nywele na nakshi zilizoshikwa kwa nta, na nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, lakini inalainika mapema sana kabla ya hapo. Lipandishe tranka juu ya basi mchana, ulishushe Masasi, uone sura imekuwa ya nani.

"Nitengenezee la mpingo, gharama si tatizo." Mpingo hautoi mbao pana, na ni mzito hata ukiutupa majini unazama. Sanduku lenyewe likiwa tupu mtalibeba wanne. Waachieni wachongaji, na wale wanaoukata kuwa zumari za Ulaya. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, cha usimamizi mzuri wa misitu, mwaka 2009 kwa kuutunza msitu wenye mti huo, sioni sababu ya mimi kuumalizia kwenye mifuniko. Mninga unatosha, mkongo unatosha. Pesa ikiwa ndogo, msonobari uliotiwa dawa. MDF, zile mbao za unga wa mti uliogandamizwa kwa gundi, usiniletee hapa. Ikilowa inavimba kama andazi.

"Ngozi ipakwe mafuta ya nazi kabla ya kuhifadhiwa." Hii wameitoa kwenye viatu. Ngozi ya kiatu imelainishwa kiwandani, ya ngoma ni ngozi mbichi iliyokaushwa, na sauti yake inatokana na ule ukavu. Ukiipaka mafuta inalegea na kutoa mlio wa ndoo. Mende nao wanashukuru.

"Naftalini inamaliza kila kitu." Inafukuza baadhi ya wadudu, haikaushi hata tone. Na sanduku lenyewe mnaliweka chumba wanacholala watoto! Wengine hupaka oili chafu ubao mzima kwa ajili ya mchwa. Mimi huipaka miguuni tu, maana nguo ikishika harufu ile haitoki, na mchezaji wa sindimba hatakiwi kunuka gereji.

Kuhusu kufuli sina dhana ya kupinga. Wenye mapiko huagiza mbili, funguo wanazishika watu wawili tofauti, mimi napima tundu la skrubu na siulizi kitu.

La mwisho ni ukubwa. "Liwe kubwa tu, vitu vitaongezeka." Matokeo yake ngoma ndogo zinapandishwa juu ya msondo, chuma juu ya ngozi, na siku ya safari halipiti mlango wa Noah, mnakodi kirikuu. Afadhali mawili ya wastani: moja la ngoma, jingine la nguo na njuga, kila moja watu wawili wanalinyanyua. Msondo ulale ndani bila uso wake kugusa ubao, na ubaki upenyo wa ngumi pande zote. Kwa hiyo msije na kipimo cha kamba, kamba huwa inafupika njiani. Njooni na ngoma yenyewe, muiweke pale sakafuni, niipime mbele yenu.