Baba mmoja, mama mbalimbali: bado ni ndugu kisheria

Kijiwe cha kahawa karibu na soko la Majengo, Dodoma, mazungumzo yalikuwa kuhusu kaka na dada wa baba mmoja kuoana, na mzee mmoja alikata shauri kwa sauti: "Wakiwa mama mbalimbali na hawakulelewa pamoja, sheria haina neno." Wengi waliitikia. Mimi nilikaribia kumwaga kahawa.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 14, inakataza ndoa kati ya kaka na dada, na inasema wazi kwamba kuchangia mzazi mmoja tu kunatosha kuwa kizuizi. Kwamba mtoto alizaliwa nje ya ndoa hakubadilishi kitu. Ndoa ya namna hiyo ni batili tangu mwanzo, hata kama sherehe ilifana na ng'ombe wa mahari walishafika.

Kanuni ya Adhabu nayo inahesabu tendo la ndoa kati yao kuwa kosa la maharimu, na ridhaa ya mwanamke si utetezi. Ila mshtakiwa lazima awe alijua undugu huo. Asiyejua hana kosa hilo, lakini ndoa haiponi.

Kuna na kosa la upande wa pili, la kudhani sheria inamkataza asiyekatazwa: binamu. Kwetu tunamwita kaka au dada, na mila nyingi humkataa, lakini kifungu cha 14 hakimtaji.

Kwa hiyo siku 21 za tangazo la ndoa si urembo. Ndipo shangazi anayejua siri ya marehemu baba wa wachumba anapoweza kuweka pingamizi kwa msajili.