Uwiano wa gia na difu: kwa nini gari lina nguvu lakini halina mwendo

Uwiano wa gia ni hesabu ya meno. Ndani ya difu, yaani boksi la gia lililo kati ya magurudumu, pinioni (gia ndogo) yenye meno 10 ikizungusha krauni (gia kubwa) yenye meno 41, itageuka mara 4.1 ndipo gurudumu ligeuke mara moja. Hiyo ndiyo difu ya 4.1: mzunguko unapungua mara 4.1, nguvu ya kuzungusha inaongezeka kwa kiasi hichohicho, ukitoa kidogo inayoliwa na msuguano.

Giaboksi nayo ina uwiano wake, na hizi mbili huzidishwa. Tuseme namba moja, yaani gia ya kwanza, ni 4.0. Ukizidisha kwa 4.1 unapata 16.4, ndiyo maana pikapu iliyojaa dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hupanda mlima wa Bugando bila kuzima. Namba nne kwenye magari mengi ya gia tano za mkono ni 1 kwa 1, kwa hiyo hapo difu inabaki peke yake.

Kwa sababu ya kuzidishwa huko, ukibadilisha difu umebadilisha gia zote. Chukua tairi lenye mzingo wa mita 2.2, injini ikizunguka 2,500 kwa dakika, namba nne. Difu ya 4.1 inakupa kama kilomita 80 kwa saa. Ukifunga ya meno 39 kwa 8, yaani 4.875, unapata 68 tu. Mlimani utafurahi, kwenye tambarare ya kwenda Shinyanga injini italia na mafuta yataisha upesi. Spidomita inayosomea kwenye giaboksi nayo itasema 95 wakati unakwenda 80.

Basi pima kabla ya kununua difu iliyotumika. Weka gia fri, zuia matairi ya mbele kwa mawe, toa hendibreki, inua gurudumu moja tu la nyuma. Lizungushe mara 20 huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela shafti (mhimili unaotoka giaboksi kwenda kwenye difu). Ikifika 41, difu ni 4.1. (Gurudumu la pili limesimama, hivyo mizunguko 20 ni sawa na 10 ya krauni. Wengi hukosea hapa.)

Kwa gari la 4x4, difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Zikitofautiana, ukiingiza 4x4 kwenye lami shafti zinakazana, matairi yanaburuzika na mwisho kitu kinavunjika. Krauni na pinioni zinunuliwe pamoja, kwa kuwa zimesagwa pamoja kiwandani. Ukichanganya, difu italia hata ukijaza oili mpya.