Ruhusa ya kuvuta ndani inapofikishwa mahakamani

Sheria ya kuzuia sigara ndani ya majengo huvuja pale inapotoa ruhusa: chumba cha wavutaji, baa ndogo, kasino. Kesi ya kupinga ruhusa hizo ikinifikia mezani, kitu cha kwanza ninachotafuta ni hoja iliyoibeba, maana hoja ya usawa hukata kuwili.

Majimbo ya Ujerumani ya Baden-Württemberg na Berlin yaliruhusu sigara katika chumba cha pembeni. Mwenye baa ya chumba kimoja hakuwa na pa kujengea ukuta, akaona wateja wanampotea. Tarehe 30 Julai 2008 Mahakama ya Katiba ilimpa haki: bunge lingeweza kupiga marufuku bila kumbakiza yeyote, ila likishawaachia wengine lisimwonee mdogo. Kwa muda, baa ya chini ya mita za mraba 75, isiyoandaa chakula, isiyoingiza walio chini ya miaka 18 na yenye tangazo mlangoni ikaruhusiwa moshi. Mdai alishinda, na moshi ukazidi. Mhudumu anayepita na trei humo ndani hakuwa mdai.

Uholanzi, chama cha wasiovuta kilishika njia nyingine. Serikali ilikuwa imeziachia baa za chini ya mita za mraba 70 ambazo mwenyewe huhudumu bila kuajiri. Chama hakikuomba usawa na yeyote. Kilishika Ibara ya 8 ya Mkataba wa WHO wa Kudhibiti Tumbaku, inayodai watu wakingwe na moshi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uholanzi ilithibitisha kufutwa kwa ruhusa hiyo, na mwaka 2019 ikavifuata vyumba vya wavutaji. Kwangu hoja hii ndiyo safi zaidi: haiwezi kutimizwa kwa kumwongezea mtu moshi.

Lakini hutegemea mkataba una nguvu gani mahakamani. Katiba ya Uholanzi huuruhusu kutumika moja kwa moja. Marekani ilitia saini mwaka 2004, haikuridhia hadi leo. Ndiyo maana wafanyakazi wa kasino za New Jersey, wanaogawa karata huku mteja akiwapulizia moshi usoni, walipofungua kesi mwaka 2024 kupinga msamaha ambao sheria ya 2006 ya kuzuia sigara ndani ilizipa kasino, walilazimika kuegemea katiba ya jimbo lao. Agosti mwaka huo jaji wa ngazi ya kwanza aliitupilia mbali kesi hiyo.