Jiko la mkaa chumbani: maswali kuhusu kaboni na afya

Kaboni inahusiana vipi na mwili wangu?

Mtu wa kilo 60 ana karibu kilo 11 za kaboni mwilini, ndani ya mafuta, protini na sukari zake. Mkaa, masizi na almasi pia ni kaboni. Kaboni yenyewe haina ubaya. Shida ni inavyoungua.

Mkaa ukishashika hautoi moshi. Kwa nini nisiuingize chumbani wakati wa baridi?

Kwa sababu kinachoua si moshi. Kaboni ikipata hewa ya kutosha huungua na kutoa hewa ukaa. Hewa ikiwa haba, kama katikati ya makaa au kwenye chumba kilichofungwa, kila atomi ya kaboni huambulia atomi moja tu ya oksijeni badala ya mbili. Hiyo ndiyo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Makaa mekundu, yale tunayoyaona "yameiva", huitoa kwa wingi. Ndiyo maana naogopa sana Juni na Julai, baridi inapokaza Makete, Njombe au Limuru, mama anapowasogezea watoto jiko kitandani kwa upendo kisha anafunga mlango.

Ikivutwa inafanya nini?

Huishika himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Unapumua kama kawaida, lakini ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inaisha nguvu. Wengi hudhani ni malaria. Mkiumwa wote kwa pamoja, halafu mkapata nafuu mkitoka nje, shukuni jiko. Aliyelala huenda asihisi lolote. Kwa mjamzito hatari ni kubwa zaidi, kwani mtoto aliye tumboni huathirika kuliko mama.

Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kimeonyesha asilimia 98. Si niko salama?

Hapana! Kifaa hicho husoma rangi ya damu kwa mwanga, na damu iliyoshikwa na gesi hii huonekana nyekundu vilevile. Mwambie daktari wazi kwamba mlilala na jiko. Tiba ni oksijeni safi kwa barakoa: hupunguza gesi kwa nusu ndani ya saa moja au moja na nusu, wakati kwa hewa ya kawaida huchukua saa 4 hadi 5.

Maziwa yanasaidia?

Hayasaidii. Gesi iko kwenye damu, si tumboni. Mtoe mgonjwa nje kwanza, fungua milango na madirisha, kisha mkimbize hospitali hata kama amezinduka.

Mbona hospitalini mkaa hutumika kama dawa ya sumu?

Huo ni mkaa amilifu, uliotengenezwa kiwandani ukawa na vitundu vingi mno. Hunasa baadhi ya dawa zilizomezwa kupita kiasi, kama parasetamoli, hasa ndani ya saa ya kwanza. Haufai kwa pombe, mafuta ya taa, tindikali wala vidonge vya madini ya chuma, na kwa gesi ya jiko hausaidii kitu. Usisage mkaa wa jikoni ukamnywesha mtu: haunasi sumu inavyotakiwa, na akiwa amelegea unaweza kumwingia mapafuni.