Kipimo cha DNA sio cha kutafuta baba wa mtoto tu

Kuna mama hapa Majengo kagoma kutoa makohozi ya kupima TB kisa kasikia yatapimwa vinasaba, yaani DNA, akajua wanataka kuchunguza watoto ni wa nani. Simlaumu, kwetu ukitaja DNA kila mtu anawaza hilo. Ila kila kimelea kina vinasaba vyake, na mashine ya GeneXpert inatafuta vya bakteria wa TB tu, pia inaangalia kama kashakuwa sugu kwa rifampisini, dawa ya TB, ndani ya kama masaa mawili majibu yapo. DNA yako wewe haisomi.

Wengine wanaamini kile kimashine cha mfukoni cha kusoma vinasaba kinataja ugonjwa wowote papohapo. Kimashine kweli kipo, MinION ya Uingereza, mwaka 2015 walienda nacho Guinea wakasoma vinasaba vya kirusi cha Ebola hukohuko, sampuli ikifika ndani ya masaa 24 majibu wanayo. Lakini sampuli lazima iandaliwe kwanza, na mtu aliyesomea. Na vipimo vingi vinajibu ulichouliza tu, katriji ya TB, yaani kile kikopo cha kipimo kinachoingizwa kwenye GeneXpert, haiwezi kukwambia una kimeta.

Halafu hili la "nimepima sina kitu", hapa ndio naumia. Homa ya Bonde la Ufa wafugaji wa Dodoma waliokuwepo 2007 wanaijua vizuri. Kirusi chake kinakaa kwenye damu siku chache tu, sasa wewe umeugulia nyumbani wiki mbili ndio unaenda, kipimo cha vinasaba kinaweza kusema hakuna wakati ulikuwa nacho, hapo inabidi wapime kingamwili, yaani kinga ambazo mwili ulitengeneza kupigana nacho. Kinyume chake pia kipo, aliyetibiwa TB hivi karibuni anaweza kuonekana anayo kwa sababu ya mabaki ya bakteria waliokwisha kufa.

Na mnakumbuka 2016, Chemba na Kondoa kule Dodoma, watu macho ya njano, matumbo yamejaa, kila mtu anasema ugonjwa wa ajabu? Ukijumlisha na Manyara waliugua 68, wakafa 20. Ilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, kwenye mahindi. Sumu haina vinasaba jamani, ungeipitisha damu ya mgonjwa kwenye kimashine kutafuta kirusi usingepata kitu, mahindi ndio yalitakiwa kupimwa. Kwahiyo daktari akikuuliza mmekula nini nyumbani usione anapoteza muda, mwambie, na unga uliobaki mpelekee.