Kiti Kianzie Kwenye Injini: Ninavyopanga Viti vya Boti za Abiria

Mwenye boti akija kuagiza viti, swali lake la kwanza huwa ni moja: watakaa watu wangapi? Ana haki ya kuuliza, maana kila nafasi ni nauli. Mimi humwomba kwanza anionyeshe injini, na kama kitabu chake bado kipo, aje nacho. Katika mashua na boti nyingi ninazozishughulikia hapa pwani, za watalii wa Shimoni na Wasini na za safari za Watamu na Lamu, injini ya dizeli imewekwa ndani ya chombo, kati au karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, na juu yake pamejengwa kiti. Kiti hicho ndicho kinachoamua kama injini itatunzwa au itasahauliwa.

Injini ya dizeli ikizimika baharini, chanzo huwa ni kitu kidogo mara nyingi. Dizeli imeingia maji. Chujio limeziba. Mkanda umelegea. Mwani au mfuko wa plastiki umefyonzwa kwenye tundu la maji ya bahari. Au impela ya pampu ya maji imekatika mabawa. Impela ni kigurudumu cha mpira ambacho kikizunguka pakavu huharibika ndani ya dakika chache, na injini ikaanza kuchemka. Kuibadilisha si kazi kubwa kwa mtu aliyepiga magoti mbele ya pampu huku akiiona. Lakini umweke mtu huyo kifudifudi juu ya ubao, mkono mmoja ameupenyeza kwenye tundu, hajui anashika nati ipi, na kusi linaitupa boti huku na huku: impela haibadilishwi, na boti inasubiri kuvutwa.

Hasara nyingine huanza kabla chombo hakijatoka bandarini. Nahodha ambaye kila akitaka kutazama oili lazima aondoe mito, afungue skrubu na kunyanyua ubao wa watu wawili, ataitazama Jumatatu, Jumanne ataiacha. Simlaumu. Aliyejenga kiti ndiye aliyemzuia.

Kwa hiyo kazi yangu huanza kwa chaki na tochi, chini kwenye ngama, pale chini kabisa ya chombo maji yanapokusanyika. Nauliza mikono inafika wapi, na kila baada ya muda gani. Kuna sehemu za kila siku: kipimo cha oili, kifuniko cha maji ya kupozea, chujio la maji ya bahari, chujio linalotenga maji na dizeli, mkanda, na pale shafti inayozungusha rafadha (panga la kusukuma chombo) inapopenya kwenda nje, ambapo kizibo cha aina ya zamani hudondosha matone machache chombo kikitembea na lazima kitazamwe. Kuna za kila baada ya saa kadhaa za kazi: filta za oili na dizeli, impela, kumwaga oili. Halafu kuna za nadra, kama stata, alternata, nozeli, gia boksi na miguu ya injini. Mwisho kabisa kuna siku ya kuitoa injini nzima.

Kila kundi nalipa mlango wake. Sehemu za kila siku zifikiwe kwa kifuniko kidogo, abiria wakiwa wamekaa. Za kundi la pili zifikiwe kwa kufungua kifuniko kimoja kikubwa, wakiinuka wawili au watatu tu. Za nadra zinaweza kungoja spana na boliti, boti ikiwa imefungwa gatini. Makosa mengi ninayoyakuta hutokana na kulazimisha makundi yote yapite mlango mmoja, tena mzito.

Mahali pa kupiga magoti napo pana hesabu yake. Injini iliyounganishwa na rafadha kwa shafti iliyonyooka huwa imeelekeza mbele yake upande wa omo, yaani mbele ya chombo, na mikanda na pampu ya maji mara nyingi ziko huko mbele. Basi fundi atapiga magoti upande wa omo, na hapo naacha sakafu wazi angalau sentimita 60. Nikijaza benchi mahali hapo kwa ajili ya nauli moja zaidi, nimeshaifunga pampu. Napima pia nafasi ya chombo cha kazi, jambo linalosahauliwa sana. Spana inahitaji pa kuzungukia. Filta ya oili iliyolala ubavu inahitaji nafasi ya kuchomoka na ya sahani ya kukinga oili chini yake. Kipimo cha oili lazima kichomoke chote bila kupindwa. Na kwa kuwa oili ya injini ya boti huwezi kuimwaga kwa chini kama ya gari, hufyonzwa kwa pampu ya mkono kupitia bomba la kipimo hichohicho, basi juu yake paweze kukaa pampu na dumu karibu.

Sasa viti vyenyewe. Nikiachiwa uamuzi, katika mashua naweka mabenchi ya urefu, moja kila ubavu, na sanduku la injini linabaki peke yake katikati, limezungukwa na njia. Juu ya sanduku wanaweza kukaa wawili, au pakawa meza ya chakula cha watalii wanaorudi kutoka hifadhi ya bahari ya Kisite. Likifunguliwa, hakuna mwingine anayesumbuliwa, na fundi analifikia kwa pande zote. Katika boti ndogo nafasi hiyo haipo, na benchi la nyuma hupita juu ya injini. Hapo nalikata vipande vitatu. Benchi la mita 2 hukalisha wanne kwa sentimita 50 kila mmoja. Kipande cha kati, mita 1, kinafunguka. Vile vya pembeni vya nusu mita havisogei, na waliokalia hawainuki. Benchi la kipande kimoja, ubavu hadi ubavu, linapendeza machoni, lakini silijengi juu ya injini hata nikiombwa.

Bawaba nazipanga kwa kufuata bahari. Boti iliyozimika injini mara nyingi huwapa mawimbi ubavu, ikayumba kulia na kushoto kuliko inavyoinama omo na tezi. Kifuniko kinachofungukia ubavuni kitamwangukia fundi kichwani kwenye yumbo la pili au la tatu. Kwa hiyo mstari wa bawaba naulaza kukingama chombo, kifuniko kifunguke kuelekea tezi. Upepo wa mbele ukivuma unakisukuma kibaki wazi, na fundi aliye upande wa omo yuko salama. Kasoro yake ni kwamba kikisimama kinamkinga macho nahodha aliye nyuma, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na kile kifuniko kidogo cha kila siku.

Wengi wanapenda shoki za gesi, kama zile za mlango wa nyuma wa gari. Nazitumia, lakini siziamini peke yake. Chumvi hula fimbo zake, gesi hupungua, na siku moja kifuniko hushuka bila kuaga. Kila kifuniko changu kina mti wa kukishikilia au kulabu ya kukifunga wazi, hata kama kina shoki mbili mpya.

Uzito ni jambo la kupigia hesabu, si la kukisia. Plaiwudi ya milimita 18, shiti ya futi 4 kwa 8, hufika takriban kilo 30, na ya mbao ngumu huzidi. Shiti hiyo ni karibu mita 3 za mraba. Kifuniko cha mita 1.2 kwa sentimita 60 kitabeba kama kilo 7 za ubao mtupu. Ongeza fremu, sponji ya kuzuia kelele na mto, umefika 15 kwa urahisi. Mimi hutumia milimita 12 na papi za kutia nguvu kwa chini, halafu namkalisha mtu mzima juu yake kabla ya kupaka fiba. Mto haupigiliwi kwenye kifuniko. Unafungwa kwa vishikizo, utoke peke yake, na uwe wa sponji isiyonywa maji.

Injini pia inavuta pumzi, na kiti kisiikabe. Chukua injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Kila silinda hujaa hewa mara moja katika mizunguko miwili, hivyo injini inataka karibu lita 2,250 za hewa kila dakika, mbali na ile ya kuondoa joto. Sanduku lililozibwa pande zote kwa ajili ya kelele litaleta moshi mweusi na nguvu zitapungua. Matundu ya hewa nayaweka juu, nyuma ya migongo ya viti, ambako maji yanayorushwa hayafiki. Ukingo wa mlango nauinua sentimita 3 au 4, na mfereji wa kuzunguka unamwaga maji nje ya chombo, yasiingie ngama. Kama injini ni ya petroli, uangalifu uwe mkubwa zaidi: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini, kwa hiyo pawe na feni ya kuunyonya kutoka chini, iendeshwe angalau dakika 4 kabla ya kuwasha.

Nawaomba wenye boti wote wakubali tundu moja dogo lenye kizibo kwenye ubavu wa sanduku, la kuingiza mdomo wa kizima moto. Moto ukizuka humo ndani, kufungua kifuniko ni kuulisha hewa.

Na kuna nguo. Abiria wetu wanavaa leso, buibui, kanzu na vikoi. Ncha ya nguo ikishikwa na shafti au mkanda, hakuna wa kuiwahi. Juu ya shafti naweka kifuniko cha peke yake cha boliti, kisichofunguliwa safarini, na mikanda inapata kinga yake hata ndani ya sanduku. Maboya ya kujiokolea yakae chini ya mabenchi ya pembeni. Yakiwekwa kwenye chumba cha injini yanaharibiwa na joto na oili, na siku yanapotakiwa, injini ndiyo inayowaka moto.

Kwa siku ya kuitoa injini, boliti za sanduku zote zifikike kwa juu, na ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Lile la bei nafuu, 304, huanza madoa mapema kwenye chumvi yetu. Injini ndogo ya silinda 3 yenye nguvu za farasi 30 ina uzito wa karibu kilo 130 pamoja na gia boksi, kwa hiyo kama boti ina paa, natia boriti imara juu ya injini sawasawa ili winchi ya mnyororo ininginie hapo, na nguzo za paa nazisogeza zisiikingame.

Sikabidhi boti kabla ya jaribio. Tunaijaza watu, tunatoka hadi penye mawimbi kidogo, tunatia nanga na kuzima injini. Nahodha mwenyewe, si fundi wangu, anafungua, anasafisha chujio la maji ya bahari na kubadilisha impela kwa spana zilizo botini. Akilazimika kumwinua mtu zaidi ya wale wa kipande cha kati, au akiomba ashikiwe kifuniko, boti inarudi karakana na natengeneza upya kwa gharama yangu.